Pigo la Duru ya Saba

Tolliver, Kansas
9 Machi 1973

Bwana Casimir Dombek,

Huenda hunikumbuki, lakini mimi nakukumbuka kwa madoa. Miaka ile ya timu yetu ya besiboli, Nyigu wa Tolliver, mimi ndiye niliyefua jezi zenu, kumi na nane kila baada ya mchezo, kwa mashine moja ya kukamua kwa mkono. Leo nina maduka matatu ya dobi katika wilaya mbili, na hakuna aliyenishika mkono kunifikisha hapa. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nataka ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kupoteza stempu.

Nimesikia Bi Maxine Tidrick, wa kamati ya miaka mia ya mji wetu, amekutumia karatasi uitie sahihi. Inasema kwamba tarehe 18 Agosti 1950, katika duru ya saba kati ya tisa, ule mpira wa Pruitt wa Marlow Springs uliokupita ulikuwa kosa lako wewe mlinzi, si pigo halali lake yeye mpigaji. Ukitia sahihi, Virgil Stroud atahesabiwa kuwa alirusha mchezo mzima pasipo kupigwa hata pigo moja. Hakuna mrushaji wa Nyigu aliyewahi kufanya hivyo. Litachapishwa katika kitabu cha miaka mia na kuchorwa kwenye ubao wa bustani. Kamati inakaa Jumamosi ya 14 Aprili, na Jumatatu yake kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa.

Nakuomba usitie sahihi kabla hujanijibu swali moja. Nikueleze kwanza linanihusu nini.

Wewe na mji mzima mnaamini karani wa alama alikuwa Bwana Clement Haines wa gazeti, kwa kuwa jina lake ndilo lililo chini ya kila karatasi. Haines alipanda kile kibanda cha mbao mara sita tu. Kuanzia Juni 1949 alikuwa akikaa kilabuni na glasi yake, na aliyekaa kibandani ni mimi, niliyejifunza kuandika alama nikisubiri jezi zichafuke. Michezo tisini na saba, Bwana Dombek. Aliyeamua lipi pigo na lipi kosa ni mimi. Yeye alizitia sahihi tu kabla ya mchezo. Mwanamke dobi awe karani wa ligi, mwaka ule? Wangecheka mpaka Topeka.

Mpira ule niliuandika pigo, na yaliyofuata unayajua. Uwanjani walikuwepo watu 204, niliwahesabu mwenyewe, ingawa ukiwasikiliza wanaodai leo kwamba walikuwepo, kwa hesabu yangu wamefika elfu moja na mia moja. Kesho yake walimzomea Haines barabarani. "Mpira ule hata bibi yangu angeudaka!" Wakavunja kioo cha gazeti. Siku kumi na moja baadaye timu ikavunjwa, na watu wakapata pa kubandika hasira zao. Haines akahamia Nebraska na kufa huko mwaka 1961 bila kusema neno, maana kusema kungefichua alikokuwa akishinda. Nami sikusema. Mtu alibeba mzigo wangu miaka kumi na mmoja, nikamwachia aubebe.

Timu haikuuawa na mpira mmoja. Dhoruba ya tarehe 9 Julai iliangusha nguzo nne kati ya sita za taa, tukalazimika kucheza mchana, watu wakiwa makazini. Kabla ya dhoruba wastani wetu ulikuwa watu 611 kila mchezo. Baada yake, 190. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Lakini mpaka leo kinyozi Floyd Ketter huja kuchukua mataulo yake, ananiambia usoni, "Yule mlevi Haines alituibia, Leota," na mimi natabasamu huku nahesabu mataulo.

Basi swali ni hili: ule mpira uligusa glavu yako? Na kwa nini wewe ulikimbilia upande ambao mpira haukwenda? Ningekuuliza siku ile ile, lakini mwiko unaujua. Mrushaji akiwa bado hajapigwa, hakuna anayelitaja jambo hilo, wala hakuna anayeuliza lolote linalolikaribia. Nikanyamaza kama wengine. Mchezo ulipoisha mwamuzi akaichukua karatasi na kuondoka nayo.

Kama nilikosea nitasimama mbele ya kamati niseme nilikosea, na kwamba ni mimi. Nataka tu kujua.

Leota Brungardt


Toledo, Ohio
20 Machi 1973

Bi Leota,

Nitakusahauje? Ulikuwa ukitutilia wanga mpaka suruali inasimama yenyewe kabla ya mtu kuingia ndani yake. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Kumbe karani ulikuwa wewe. Na sisi tulivyokuwa tukikipigia kelele kile kibanda, maneno tuliyoyasema, naomba radhi kwa yote.

Mimi sasa naendesha basi la mji, njia namba 11, mwaka wa kumi na tisa huu. Nina mke na mabinti watatu, na goti moja linalotabiri mvua.

Kuhusu ile karatasi, mama yangu, kwa nini tujisumbue? Nimepanga kutia sahihi. Msimu ule niliandikiwa makosa 41. Yakiwa 42 nani atanifunga? Virgil bado yuko hai, huko Arkansas kwa binti yake Opal, na macho yake yamekwisha kabisa. Alikuwa mtu mwema kwangu nilipokuwa kijana wa miaka ishirini nisiyejua hata kupika yai. Acha mzee apate chake kabla hajaondoka.

Kama uligusa glavu? Miaka ishirini na mitatu imepita. Labda uligusa.

Usiwe na wasiwasi, hakuna atakayekulaumu. Hakuna anayejua ulikuwa wewe.

Kaz Dombek


Tolliver, Kansas
26 Machi 1973

Bwana Dombek,

Hilo neno lako la mwisho ndilo lililonichoma kuliko yote. Umeliandika kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

Makosa yako yalikuwa 38, si 41. Usijiongezee.

Na tusidanganyane na "labda". Siku ile suruali yako, namba 6, ilikuwa na vumbi nyuma tu, pale ulipojiburuta kuingia kituo cha pili katika duru ya tano, zamu yenu ya kupiga. Magotini ilikuwa safi. Jezi zako nimezifua misimu miwili. Mpira ukikuponyoka unaanguka, unapiga magoti, unarudi na majani mpaka kwenye kola. Siku ile hukuinama hata kidogo. Na jicho langu liliona zaidi: kabla Pruitt hajazungusha gongo, tayari ulikuwa umehama hatua tatu, nne kuelekea kituo cha tatu. Mpira ukapita palepale ulipokuwa umesimama awali. Watu wote walimtazama Pruitt. Mimi nilikutazama wewe, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya karani.

Kanuni inasema kosa ni pale mlinzi anapoweza kuudaka kwa juhudi ya kawaida akashindwa. Aliyesimama kwingine hajakosea. Nikaandika pigo, huku nikijua ninachokifuta. Lakini kwa nini ulihama sikujua, na nisilolijua ndilo lililonikalia kifuani miaka yote hii. Kama ulisinzia, kama ulikuwa unamtazama binti fulani kwenye viti, basi waungwana wa kamati wana haki, lilikuwa kosa, na mimi nilimwibia Stroud. Maamuzi elfu mbili na ushei niliyafanya kibandani. Sikuulizi kuhusu hayo mengine.

Kusema uongo kwa ajili ya mzee ni jambo jema kwako, kwa kuwa si wewe utakayeulipia. Mimi nitaonekana kipofu kitabuni, tena chini ya jina la mtu mwingine.

Jibu.

Leota Brungardt


Toledo, Ohio
3 Aprili 1973

Bi Leota,

Nimeirarua barua ya kujibu mara nne. Mke wangu kaniambia, "Kaz, ama mwandikie huyo mama ama uache kuchana karatasi, mimi ndiye ninayefagia." Basi haya.

Virgil hakuwa akiona. Simzungumzii Virgil wa leo. Nasema wakati ule, mwaka 1950. Mbele ya hatua ishirini kila kitu kwake kilikuwa moshi. Alimwona mpigaji kama kivuli na glavu ya mdakaji kama doa, na alirusha kwa mazoea ya miaka kumi na saba. Asichoweza kuona ni vidole vya mdakaji, aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji, vikimwomba mpira: kimoja ni wa kasi, viwili ni wa kupinda. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Kocha angejua, angempa tikiti ya basi jioni ile ile. Aliniambia mimi peke yangu, kwa kuwa pale nyuma yake mimi niliviona vidole vizuri.

Unajua walinzi hupiga domo mchezo mzima, kumtia moyo mrushaji. Langu lilikuwa na kazi. Nikipaza "Haya, Virgil, haya!", wa kasi. Nikisema "Twende, Stroud!", wa kupinda. Mdakaji mwenyewe hakujua. Tulifanya hivyo kuanzia Mei, na hakuna aliyegundua.

Siku ile, mwanzo wa duru ya saba, niliinua macho kwenye ubao nikaiona ile sifuri ya mapigo. Mpaka hapo sikuwa nimewaza. Mwiko nilifundishwa tangu utotoni: ukitamka, umeharibu. Nikaogopa hata jina lake. Vidole viwili vikatoka, wa kupinda. Pruitt hupiga wa kupinda kuelekea kituo cha tatu, basi nikahama. Lakini sikupaza sauti. Nilinyamaza kama jiwe. Virgil akangoja, akangoja, kisha akakisia, akarusha wa kasi. Pruitt akachelewa, mpira ukaenda nilikotoka.

Haukugusa glavu. Haukuwa hata karibu. Uliandika sawa, Bi Leota. Lilikuwa pigo, na aliyelisababisha ni mimi kwa kufunga domo.

Ndiyo maana nilitaka kutia sahihi. Si huruma tu, ni deni. Na ningeeleza nini bila kumvua nguo mzee? Siri si yangu. Jana nimemwandikia kila kitu, Opal atamsomea. Nimempa anwani yako. Karatasi ya Bi Tidrick sijaigusa.

Kaz


Tolliver, Kansas
6 Aprili 1973

Kaz,

Nimekuita Kaz, nisamehe. Nimeisoma barua yako nyuma ya duka kati ya mapipa ya sabuni, nikaisoma tena, kisha nikawaambia wafanyakazi nina mafua.

Sitasema lolote kuhusu macho yake. Jumamosi ya tarehe 14 nitawaambia lilikuwa pigo na kwamba ni mimi niliyeliandika. Wakiniuliza sababu nitanyamaza, na wakitaka kupiga kura ya kunipinga wapige. Mimi nilichotaka kujua nimekijua. Usitie sahihi, lakini usijitese pia. Ulikuwa na miaka ishirini.

Leota


Sutter Gap, Arkansas
9 Aprili 1973

Bi Leota Brungardt,

Hii ni barua ya Virgil Stroud, lakini mkono ni wa binti yangu Opal. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambe. (Anasema hivyo huku ameketi na shati kinyume. Opal.)

Nimesomewa barua ya Kaz, na ile yako aliyoitia ndani yake. Barua zenu zote mbili nimezielewa, na nimecheka mpaka mbwa akatoka nje. Miaka ishirini na mitatu watu wawili wazima wanalala vibaya kwa ajili yangu, na mimi nalala kama gogo.

Sikilizeni niwaambie ya upande wangu.

Ule ubao wa alama sikuwa nikiuona. Ningeuona vipi, ulikuwa mwisho wa dunia kule. Nilijua watu wawili niliwapa kituo bure kwa kurusha vibaya, na mmoja mlinzi wetu mwingine alimwangushia mpira duru ya tatu. Niliona vivuli vikisimama vituoni, lakini kilichoandikwa pigo na kilichoandikwa kosa sikukijua. Mtu mwingine angeniambia. Lakini mwiko, si ndiyo? Hakuna aliyeniambia.

Nilichokijua ni kwamba kuanzia duru ya tano watu walinikimbia. Nikikaa benchi, wanahamia upande wa pili. Namwambia kocha, "Joto leo, kaka," ananigeuzia kisogo. Naomba maji, mtu anaweka kopo chini, anaondoka kama nina ndui. Mimi sikufikiria rekodi hata kidogo. Nilifikiria jambo moja: wamejua. Wamegundua sioni, wananingoja nimalize mchezo wanifukuze. Nilikuwa na mke, na huyu Opal akiwa na miaka minne, na hakuna kitu kingine duniani nilichojua kufanya.

Halafu duru ya saba na Kaz naye akanyamaza. Hapo ndipo nilipokata tamaa. Nikasema, hata yule kijana. Nilisimama pale juu ya kilima cha mrushaji nikisubiri jina langu, lolote kati ya mawili, halikuja. Nikarusha tu. Na niwaambie lingine: nilikuwa narusha gizani kwa kasi, na mbele yangu kuna kichwa cha mtu. Ningekwenda hivyo duru ya nane na ya tisa, huenda ningemuua mmoja.

Basi Pruitt akapiga. Nikausikia mpira unapita. Na kabla haujasimama, benchi zima likaanza kupiga kelele. "Si neno, Virgil! Bado tunaongoza, mzee!" Kocha akaja mpaka kilimani, akaniwekea mkono begani, akasema, "Pole, kaka." Kaz akafungua domo, hakulifunga tena mpaka mwisho. Nilipokaa, watu watatu walinijia na maji. Watatu. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyekuwa amejua chochote. Machozi yalinitoka, na mji mzima ukadhani nalilia rekodi.

Mama, sijawahi kufurahia kitu maishani kama pigo lile. Mkiliondoa mnaniondolea siku yangu njema.

Mwambie Bi Tidrick aliache palepale. Na msome barua hii mbele ya watu, yote, pamoja na macho. Nina miaka hamsini na minane na kazi yangu ni kulisha kuku kwa kusikiliza walipo. Hakuna wa kunifukuza.

Virgil Stroud
(na Opal, ambaye hajapamba)


Tolliver, Kansas
16 Aprili 1973

Bwana Stroud, na nakala kwa Kaz,

Nilikwenda Jumamosi saa nne asubuhi na barua yako mkobani. Walikuwa saba mezani. Nilisimama nikasema, "Karani wa Nyigu nilikuwa mimi, si Haines. Michezo tisini na saba. Pigo la Pruitt niliandika mimi."

Maxine Tidrick akavua miwani. "Leota, tangu lini wewe unajua besiboli?"

"Tangu wewe hujajua kukaanga yai, Maxine."

Floyd Ketter akapiga meza. "Unataka kutuambia ulitunyima mchezo wa kihistoria, halafu ukawa unanifulia mataulo?"

"Na yakatakata, Floyd. Kaa chini usikilize."

Nikaisoma yote. Mwanzoni walinung'unika. Nilipofika pale ulipoomba maji ukawekewa kopo chini, mzee Alvin Schoen, aliyekuwa akigawa maji siku ile, akaanza kuvuta kamasi. Akasema, "Ni mimi niliyeweka lile kopo. Nilidhani namsaidia." Nikaendelea mpaka kuku.

Kisha Floyd akasema polepole, "Kwa hiyo kile kioo cha Haines nilikivunja bure."

Maxine akageuka. "Floyd, kumbe ulikuwa wewe?"

Nikawaambia hilo walimalize wenyewe baada ya kura.

Walipiga: watano kwa wawili. Kitabuni itasomeka kwamba Nyigu wa Tolliver walidumu misimu miwili, wakashinda michezo 103 na kushindwa 128. Kwamba tarehe 18 Agosti 1950 V. Stroud aliwashinda Marlow Springs tatu kwa sifuri, akapigwa pigo moja; na kwamba karani wa alama alikuwa L. Brungardt. Nimewafanya waongeze sentensi kwamba Bwana Haines hakuwa na hatia yoyote katika jambo hilo. Walitaka kuandika alikokuwa akishinda. Nikakataa. Amelipa vya kutosha.

Hao wawili waliopinga walikuwa Floyd na shemeji yake, lakini leo asubuhi Floyd amekuja kuchukua mataulo. Hakusema kitu kuhusu wizi. Aliyahesabu, akasema "Sawa, Leota," akaenda zake.

Kutoka kwenye kikao nilifunga maduka yote matatu saa sita mchana, Jumamosi yenye kazi, nikatoa kiti nje nikakaa juani. Wateja wawili walipita, wakaona mlango umefungwa, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba.

Nikawaambia hapana. Nimepumzika tu.

Leota Brungardt